Injinia na Gari Lisilotumia Mafuta

Ukitaka kumkasirisha Injinia, ulihitaji kitu kimoja tu: kamera. Ungeweza kumchelewesha saa nzima, ungeweza kumwaga chai kwenye kiti cha gari lake, ungeweza hata kusinzia wakati anakueleza jinsi boila inavyosukuma joto mpaka ghorofa ya juu. Angenuna kidogo, yakaisha. Lakini ukiegemea gari lake ukamwambia mwenzako akupige picha moja ya kupeleka nyumbani, ulikuwa umejitafutia balaa.

Sisi tuliokuja kusoma Minneapolis miaka ile ya tisini tulikuwa na desturi hiyo, na sijui nani aliianzisha. Mtu akifika, kabla hata hajapata koti la maana, anatafuta gari la mtu. Anasimama ubavuni, mkono mmoja juu ya boneti, mwingine kiunoni, anatabasamu. Picha inatiwa kwenye bahasha, inaenda. Kule nyumbani mama anaipeleka kanisani, shangazi anaiomba akaionyeshe kazini. Hakuna aliyeandika kwamba gari ni lake, na hakuna aliyeandika kwamba si lake. Mimi mwenyewe, nikiwa msichana mgeni, niliegemea magari ya watu kabla sijajua hata kuendesha baiskeli, na sikuona ubaya wowote.

Siku moja ya kiangazi tulikuwa tunachoma nyama kando ya ziwa. Njeri, Mkenya aliyekuwa akisomea uuguzi na ndiyo kwanza amefika, alipanda juu ya boneti ya gari la Injinia na kukunja nne. Injinia aliweka sahani yake chini. Akatembea bila haraka, akachukua kamera mkononi mwa mpigaji, akafungua mgongo wake na kuivuta filamu yote nje, juani, mpaka mwisho.

"Mzee, uko serious?" Njeri alipiga kelele. "Hiyo roll yote! Kuna picha za ubatizo wa mtoto wa sister yangu humo!"

"Tutambatiza tena," Injinia alisema, akarudi kwenye sahani yake.

Tulimchukia siku ile. Kesho yake alikwenda chumbani kwa Njeri na filamu mpya za kutosha mwaka mzima, na koti zito la baridi ambalo ni wazi alilichagua kwa makini, kwa sababu lilimkaa sawasawa. Hakuomba radhi. Alimwonyesha tu jinsi ya kufunga zipu yake ukiwa umevaa glovu, akaondoka.

Huyo ndiye Injinia. Na kwa kweli hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa boila katika majengo ya chuo, akishinda chini ya ardhi kwenye vyumba vya joto ambavyo wanafunzi hawakujua vipo. Alisoma uhandisi miaka miwili zamani sana, alipokuja na ule umati wa vijana waliopelekwa Amerika uhuru ulipokuwa unakaribia, kisha akaacha. Jina lilibaki. Alikuwa Mtanzania mwenzangu, na wa Same kama mimi, jambo ambalo alilificha kwa muda mrefu. Nikimsalimu kwa Kipare ananijibu kwa Kiswahili cha redioni.

Gari lake lilikuwa refu, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeshalila milango na sakafu mpaka ukikaa nyuma unaona lami kwa chini. Ndani yake alibeba nusu ya Afrika Mashariki ya mji ule. Wauguzi wa zamu aliwapeleka kitongoji cha Golden Valley, wageni aliwachukua uwanja wa ndege, wajawazito aliwakimbiza hospitali. Kwenye buti alikuwa na gunia la mchanga, koleo, blanketi, mishumaa na kopo la karanga, kwa sababu aliamini kwamba kila safari ya Januari inaweza kukuacha njiani. Alitufundisha kuchomeka injini kwenye umeme usiku ili isigande. Theluji kubwa ikianguka, pale mji wa Saint Paul alikokaa, ng'ambo ya mto tu kutoka Minneapolis, unapotangaza magari yote yaondolewe barabarani ili ikwanguliwe, Injinia alikuwa wa kwanza kuhamisha lake, kisha anazunguka mtaa mzima akigonga milango ya wengine na kuwafokea kwa lugha yoyote iliyomjia.

Neno lake kubwa lilikuwa uzito. Ukimwambia una mpango, hakukuuliza utafaulu au hutafaulu. Aliuliza, "Umeupima uzito wake?" Jamaa mmoja alitaka kufungua hoteli ya vyakula vya kwetu kule Lakeville, nje kabisa ya mji, ambako wakati ule Mswahili ungemtafuta kwa tochi. "Umepima uzito?" Msichana alitaka kuolewa na mtu aliyemjua kwa simu tu. "Umepima uzito?" Tulimwiga nyuma ya mgongo wake, tukinenepesha sauti. Ilikuwa ni mzaha wetu mzuri kuliko yote, na naona haya kidogo nikikumbuka tulivyocheka.

Aliishi mtaa wa Frogtown, nyumba ya mbao nyuma ya mkahawa wa Wavietinamu, karibu kabisa na University Avenue. Nyumba ilikuwa safi na haina pambo hata moja, isipokuwa picha ya gazeti aliyoitia kwenye fremu na kuitundika juu ya televisheni. Mtu aliyechukia picha za magari kuliko ukoma alikuwa na picha ya gari ukutani.

Lakini gari gani! Abiria walikaa mbele kabisa, chini ya kioo kilichovimba, magurudumu ya mbele yakiwa karibu chini ya miguu yao. Nyuma kuliachwa uwanda mrefu, na katikati yake shimo la duara, kama jiko lililozamishwa sufuria. Pembeni mabawa mawili.

"Hili ni gari la nyuklia," alinieleza mara ya kwanza nilipouliza, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. "Miaka ya hamsini hapa walikuwa na ndoto hiyo. Pale kwenye shimo panakaa kinu kidogo cha atomiki. Unaendesha maelfu ya maili bila tone la petroli. Kikichoka, unaingia kituoni wanakubadilishia, kama unavyobadilisha mtungi wa gesi."

"Lilikwenda wapi sasa?"

"Halikwenda popote. Ni sanamu. Urefu wake kama meza ya kulia chakula. Halikuwa na injini, hata usukani haukuzunguka."

"Na wenyewe walijua?"

"Walijua na walisema. Walitengeneza bodi, wakangoja injini ije ivumbuliwe na watu wengine." Akaitazama ile picha kama unavyomtazama jamaa aliyekuaibisha. "Walianza na mapambo."

Nilidhani ni mapenzi ya mtu wa mitambo tu. Kila mtu ana lake.

Mambo yalibadilika Jumapili moja, tukienda Lakeville kula chakula cha mchana kwa familia ya Wakenya iliyonunua nyumba huko. Injinia anaendesha, mimi mbele, Njeri nyuma akiwa amekunja miguu asiguse lile tundu la sakafuni. Tulikuwa tunasifia barabara za Amerika, nami ili kuchekesha nikasimulia ya kwetu. Nikasema kule milimani juu ya Same, kwa shangazi yangu, kuna barabara ya ajabu. Pana, imechongwa vizuri, inaanzia uani kwa bibi mmoja, inashuka kati ya mibuni, halafu inakatika ghafla kwenye korongo. Chini ya korongo ni vichaka mpaka barabara kuu. Gari halijapita juu yake tangu dunia iumbwe. Na huyo bibi anaifagia kila asubuhi, kwa nini sikuwahi kuuliza. Ukitupa ganda la ndizi anakukimbiza na fagio lake.

"Tulimwita Bibi wa Barabara," nikasema, nikacheka.

"Yu hai?" Injinia aliuliza.

"Nilipokuja huku nilimwacha anafagia."

Aliwasha taa ya pembeni, akaegesha kwenye theluji, akashuka akaacha mlango wazi. Alisimama ametupa mgongo, bila kofia, na baridi ile ya kukata masikio ikaingia ndani.

"Kwani tume-run out ya gas?" Njeri aliuliza.

Alirudi, akaendesha mpaka Lakeville, akakaa mezani kwa watu na hakutia kitu kinywani. Baada ya hapo hakutubeba tena majuma mengi. Watu wakanilaumu mimi kwa kuwa nilikaa mbele. Mwishowe alinipigia simu mchana mmoja. "Njoo unywe chai," akasema, kwa Kipare.

Alinieleza bila kuniangalia. Bibi wa Barabara ni mama yake.

Mwaka wake wa kwanza hapa yalipita maonyesho ya magari, na ile sanamu ililetwa, ikawekwa juu ya jukwaa nyuma ya kamba. Rafiki yake alimpiga picha kwa chini, yeye akiwa amenyoosha mkono juu ya kamba. Kwenye picha ilionekana gari zima, kubwa, na yeye amelishika kama mwenye mali. Akaituma nyumbani. Nyuma yake aliandika: Hili ndilo gari nitakalokuja nalo. Halitumii mafuta.

"Sikuwa nadanganya, mwanangu," alisema. "Niliamini kila neno. Ndilo lililonileta chuo."

Kule milimani picha ilipita nyumba hadi nyumba. Ndipo wazee wakaona aibu inayokuja: kijana wetu analeta gari ambalo dunia haijaliona, halafu aliache chini ya mlima apande kwa miguu kama mchuuzi? Pembe ikapulizwa, watu wakaitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Na wakaanzia juu. Mtu yeyote wa barabara angeanzia chini, kwenye barabara kuu, ili kipande kilichokamilika kitumike hata kazi ikikwama. Wao walisema haiwezekani, heshima ni ya mama, barabara lazima izaliwe mlangoni kwake. Aliyetangulia mbele na sururu kila siku alikuwa mdogo wake Injinia.

Wakati huohuo, darasani Minneapolis, mwalimu aliwapa zoezi. Wapime uzito wa ukuta wa risasi, yale madini mazito, unaotakiwa kumkinga dereva wa gari kama lile na mionzi ya kinu chake.

"Nikapima," Injinia alisema. "Nikadhani nimekosea, nikarudia. Matairi yangepasuka kabla gari halijatoka gereji. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka."

"Ukawaandikia nyumbani?"

"Nilisema nitaandika baada ya mitihani. Halafu nikasema ngoja nipate habari nyingine nzuri ya kuweka mahali pake. Halafu mvua zikanyesha."

Ukingo wa mlima uliporomoka pale kwenye korongo na kumfukia mdogo wake. Habari zilitoka kwa mchungaji, aliyeandika kwa nia njema kabisa kwamba kijana ametangulia mbele za Mungu akiitengeneza njia ya kaka yake. Msaragambo ukaachwa. Injinia naye akaacha darasa, akashuka kwenye maboila. Kila mwaka alituma blanketi na shuka kwa mama yake kupitia misheni, bila neno hata moja ndani.

Mimi sina moyo wa subira, na sikujifanya ninao. "Miaka yote hii unamfagilisha mama," nikamwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto wake alikufa kwa sanamu ya kuchonga?"

"Ndiyo. Ungesema hivyohivyo."

Alinimiminia chai nyingine, asiache kumimina mpaka ikajaa kwenye kisahani. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, vyote pamoja, na sikujua niondoke na kipi. Nilikunywa ile chai ya kwenye kisahani.

Baridi iliyofuata alianza kukohoa. Alisema ni vumbi, kisha akasema ni uzee, kisha daktari akasema ni mapafu na kwamba ugonjwa umeshafika mbali. Nilikuwa najiandaa kwenda likizo nyumbani. Asubuhi moja akaniambia nije Frogtown na nisisahau kamera.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimkuta nje, amevaa suti, bila koti, amesimama kando ya lile gari lake lililoliwa na kutu. Hakuruhusu nilioshe. Alinipanga kama fundi anavyompanga kibarua: nisichuchumae, nisipige kwa chini, nisimame usawa wake, niuonyeshe mlango uliotoboka, nionyeshe na tundu la kutilia mafuta. Kifuniko alikuwa amekifungua makusudi. Alikohoa, akajipangusa, akaweka kiganja juu ya paa.

"Ukubwa wake uonekane ulivyo," alisema. "Na mimi hivyohivyo."

Picha ilipotoka aliandika nyuma, akiikazia kila herufi: Mama, hili ndilo gari langu. Linatumia mafuta. Lile jingine halikuwapo. Nisamehe.

"Msomee yote," akaniambia. "Hata akilia, maliza. Halafu uniletee jibu lake lilivyo, usilitie sukari."

Nilipanda mlima ule na ile picha kifuani. Bibi alikuwa amebaki mfupa na ngozi, macho yamefunikwa na ukungu, lakini barabara ilikuwa safi kama sakafu ya jikoni. Alijua kona zake kwa nyayo. Nilimshika mikono, nikamwambia nimetoka kwa mwanawe. Hakupiga yowe. Aliipokea picha, akaishika juu chini, akaipapasa kwa dole gumba.

Nikamsomea. Akasema nirudie. Nikarudia.

"Linatumia mafuta?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kama ya watu wengine?"

"Kama ya watu wengine."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Kumbe," alisema. "Ndiyo maana amechelewa."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema lile gari la kwanza halikuwahi kuwapo, ilikuwa sanamu, na kwamba mwanawe anajua kilichompata mdogo wake, na ndiyo sababu anaomba msamaha. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Mwambie siku hizi pale Same kuna kituo cha mafuta. Karibu na stendi. Ajaze pale, atafika." Akainama kutafuta fagio lake. Mpaka leo sijui kama hakuelewa neno hata moja au alielewa yote.

Niliporudi Saint Paul nilipanda basi la University Avenue moja kwa moja kutoka kwangu, theluji ikiwa imeanguka kubwa siku zilizotangulia. Mtaa mzima ulikuwa umekwanguliwa ukabaki mweusi, isipokuwa mahali pamoja. Gari la Injinia lilikuwa palepale, limefukiwa mpaka madirishani, na karatasi ya faini imebandikwa kwenye kioo. Mwenye mkahawa alitoka na koleo lake, akanionyesha kwa kidole upande wa hospitali.

Alikuwa amelala chali, mpira wa oksijeni puani, amekuwa mdogo kwenye kitanda kile kama mtoto aliyelazwa kitanda cha wageni. Nilimwamkia shikamoo. Aliitika kwa kope.

"Alisemaje?" akauliza. "Bila sukari."

Nikamwambia yote. Nikamwambia jinsi alivyoshusha pumzi, na kumbe ndiyo maana amechelewa, na kituo cha mafuta cha Same karibu na stendi.

Injinia alicheka. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akicheka, na kilikuwa kicheko kibaya, cha kukwaruza, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kilio. Alilia wazi, mdomo umefunguka. Nilimfuta uso kwa kanga yangu.

"Barabara ni safi?" akauliza alipopata pumzi.

"Safi sana."

"Viatu vyangu viko wapi?"

Vilikuwa chini ya kitanda, vile vya ile suti. Hakuweza hata kuketi. Nilifunua blanketi, nikamvika kimoja, nikamvika cha pili, miguu yake ikiwa baridi, nikafunga kamba.

Njeri aliingia. Wakati huo alikuwa muuguzi kamili na hiyo ndiyo wadi yake. "Haiya, viatu kwa kitanda?" alisema. "Charge nurse wa zamu aki-come ataniuliza mimi. Vitoe, please."

Aliniangalia, akamwangalia Injinia, ambaye alikuwa amefumba macho na vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa juu ya shuka kana kwamba vimeshika ufunguo. Njeri akasogea, akalilegeza blanketi kwa miguuni ili lisibane viatu, akavuta pazia.